Usiniuzie Kufuli Kama Ulichonacho ni Lisi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kompyuta nikaenda kulima mahindi. Bado. Nilikuwa Kitale, halafu Bungoma, halafu Kitale tena, nikitafuta mifuko 38 ya mbolea ambayo haikuibwa na mtu yeyote. Leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Hasira yangu si kwa mwenye duka, wala si kwa kampuni ya umeme, ingawa nayo siku yake yaja. Ni kwa sisi waundaji wa programu, na hasa wale wanaotuandikia maktaba za kufikia faili zilizo kwenye seva ya mbali. Kwa msomaji ambaye si fundi: maktaba ya aina hii ni kifurushi cha msimbo unachokichomeka kwenye programu yako ili kikuzungumzie na seva. Unakiambia fungua faili hii, soma, andika, na kingine chote kinamalizana nacho chenyewe. Na kama watu wawili wanataka kuandika faili moja kwa wakati mmoja, maktaba inakupa kitu inachokiita kufuli. Ukilishika, wengine wanasubiri. Ukimaliza, unalifungua.

Nasema hivi: mara nyingi kitu hicho si kufuli. Kukiita kufuli ni uongo, na uongo huo karibu umfukuzishe mama mmoja kazi.

Yaliyotokea

Kuna mfanyabiashara wa pembejeo mwenye maduka mawili, moja Kitale na lingine Bungoma. Stoo kubwa iko Kitale. Duka la Bungoma likipata mkulima anayetaka mbolea nyingi, linaagiza kutoka stoo hiyo hiyo, na mifuko inapanda gari kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Kwa hiyo maduka yote mawili yanachota kutoka salio moja. Mwenye duka, ambaye mimi humwita mzee, aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kuweka daftari la stoo. Nikaitengeneza. Daftari lilikuwa faili moja kwenye seva ya kukodi, na kuifikia nilitumia maktaba ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Maelezo yao yalikuwa mafupi na matamu: piga funga(), fanya kazi yako, piga fungua(). Nikafuata.

Ilikuwa Aprili, wakati wa kupanda, maduka yamejaa. Asubuhi daftari lilisema mifuko 120. Kijana wa Bungoma akafungua programu, ikashika kufuli, ikasoma 120. Mkulima alitaka mifuko 15, kijana akaandika 15, programu ikapiga hesabu ya 105. Kabla hajabonyeza hifadhi, stima ikapotea. Laptopu ilikuwa na betri, lakini kile kisanduku cha intaneti hakikuwa nayo. Akabonyeza hifadhi, akaona kimya, akafunga kifuniko cha laptopu akaenda kuhudumia watu kwa karatasi.

Huku nyuma, seva ilisubiri sekunde 60. Haikusikia chochote kutoka Bungoma. Ikaamua mwenye kufuli amekufa, ikalichukua. Dakika chache baadaye mama wa stoo Kitale akafungua programu yake, akapewa kufuli kihalali, akasoma 120, akauza mifuko 38, akaandika 82. Akafungua kufuli. Kila kitu sawa.

Baada ya dakika 40 hivi stima ikarudi Bungoma. Kijana akafungua kifuniko. Maktaba ikaamka, ikaona imekatika, ikajiunganisha tena kimyakimya. Ikaomba kufuli upya, pia kimyakimya, na kwa kuwa Kitale ilikuwa imeshalifungua, ikapewa. Halafu ikatuma yale maandishi iliyokuwa imeyahifadhi kwenye kumbukumbu yake: 105. Kijana akaona alama ya kijani. Imehifadhiwa.

Pigeni hesabu wenyewe. Mifuko 120, toa 38 za Kitale, toa 15 za Bungoma, inabaki 67. Daftari linasema 105. Tofauti ni 38, sawasawa na zile za mama wa Kitale.

Mwisho wa mwezi wakahesabu stoo. Pengo la mifuko 38. Mama akasema ameuza na pesa amekabidhi. Risiti zilikuwepo, lakini uzilinganishe na nini? Faili yangu ilikuwa inaweka salio tu, haikuweka orodha ya mauzo. Mzee akasema kompyuta haiibi. Mshahara wa mwezi huo ukakatwa nusu, na akaambiwa zilizobaki zitaendelea kukatwa. Mifuko 38 ni pesa nyingi kuliko mshahara wake wa miezi kadhaa. Nilipofika akaniangalia akaniambia, "Wewe kijana, mashini yako imenifanya mwizi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikaa jioni mbili na kumbukumbu za seva upande huu na kitabu cha risiti upande huu, mpaka nikauona ule mpangilio wa saa: kufuli limechukuliwa, Kitale imeandika, Bungoma imeandika. Nikampelekea mzee. Nashukuru ni mtu wa haki. Alimwita mama, akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wenzake, akamrudishia pesa. Lakini je, kama kumbukumbu zile zingekuwa zimefutwa?

Kufuli na lisi ni vitu viwili

Watu wa Trans Nzoia hawahitaji digrii kuelewa jambo hili. Huku shamba hukodishwa kwa msimu. Tunaita lisi. Unalipa, unalima kuanzia mvua ya Machi au Aprili, unavuna kuelekea mwisho wa mwaka, na siku ya mwisho inajulikana tangu siku ya kwanza. Ukihama, ukifa, ukipotea Nairobi, mwenye shamba hahitaji kukutafuta. Tarehe ikifika shamba ni lake, na anaweza kumpa mwingine.

Kufuli ni kitu kingine kabisa. Mwenye ufunguo akipanda matatu na ufunguo mfukoni, stoo imefungwa mpaka arudi. Hana tarehe ya mwisho. Faida yake ni kwamba hakuna atakayeingia akiwa hayupo. Hasara yake ni hiyo hiyo.

Ndani ya kompyuta moja, kufuli la kweli linawezekana, kwa sababu kiini cha mfumo kinaona programu ikifa na kinalifungua papo hapo. Hakuna shaka nani yuko hai. (Hata hapo kuna mitego. Kufuli za fcntl kwenye Unix zina tabia ya ajabu: programu yako ikifunga mlango wowote wa faili ile, hata mlango uliofunguliwa na sehemu nyingine ya msimbo usiyoijua, makufuli yako yote ya faili hiyo yanapotea. Linux iliongeza aina nyingine ya kurekebisha hilo mwaka 2014. Lakini tuiache.)

Kwenye mtandao mambo ni tofauti. Seva haiwezi kujua kama Bungoma imekufa, imelala, au kisanduku cha intaneti tu ndicho kimezimika. Kimya ni kimya. Mfumo wa zamani wa NFS, kabla ya toleo la 4, ulikuwa na itifaki ya pembeni ya makufuli ya kweli: kompyuta ikishika kufuli halafu ikapotea, kufuli lilibaki hapo mpaka irudi na kutangaza kwamba ilizimika, au mpaka fundi aingilie kati. Walioendesha seva hizo wanajua uchungu wa faili isiyofunguka kwa sababu ya kompyuta iliyokwisha tupwa.

Jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1989, Cary Gray na David Cheriton wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika kuhusu lisi za faili: seva inampa mteja haki kwa muda maalumu, mteja anaomba kuongezewa kabla muda haujaisha, na asiposikika, seva inaendelea na maisha. NFS toleo la 4, ambalo lilitangazwa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2003, lilichukua njia hiyo. Seva ya NFS ya Linux kwa kawaida hutoa sekunde 90. Mfumo wa faili wa Google uliochapishwa mwaka 2003 ulitoa sekunde 60. Chubby, huduma ya makufuli ya Google aliyoieleza Mike Burrows mwaka 2006, ilianza na sekunde 12.

Kwa hiyo sina ugomvi na lisi. Lisi ni uvumbuzi mzuri. Ugomvi wangu ni kwamba seva inatoa lisi, halafu maktaba inaivalisha koti la kufuli na kuniletea mimi. Neno funga() linaniahidi kwamba nimelishika mpaka nitakaposema basi. Seva haijawahi kuahidi hivyo. Nani basi aliyeahidi? Maktaba. Kwa mamlaka gani? Hakuna.

"Lakini waundaji hawataki kujua hayo"

Nimesikia utetezi wote, na nitaujibu mmoja mmoja.

Wa kwanza: muundaji wa kawaida anataka kitu rahisi, ukimpa lisi, saa na matukio ya kupotea, atachanganyikiwa. Ndugu zangu, rahisi kwa nani? Ugumu ule haukuondoka. Ulitoka kwenye msimbo wa maktaba, ukapita kwenye msimbo wangu bila kugonga mlango, ukaenda kukaa kwenye mshahara wa mama wa stoo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumevumbua daftari lenyewe linalomaliza mali bila habari.

Wa pili: weka muda mrefu, sema saa nzima, na tatizo halitaonekana. Kweli litaonekana mara chache. Lakini siku Bungoma ikiingia giza, Kitale itakaa saa nzima haiwezi kuuza mfuko hata mmoja, na foleni ya wakulima nje. Tena stima ikikatika kwa saa moja na dakika tano, tumerudi pale pale. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi hii ililala gizani. Lisi gani ingetosha usiku ule? Kuongeza muda kunapunguza ajali kwa kuongeza kusubiri, na hakuna urefu wa muda unaoiondoa kabisa.

Wa tatu: tatizo ni miundombinu ya huko kwenu, mtandao ukiwa mzuri haya hayatokei. Huu ndio unaonikera zaidi. Chubby ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya data vya Google, penye jenereta na nyaya ambazo Bungoma haijaziona, na bado waliweka kipindi cha sekunde 45 cha kuvumilia muda ukiisha bila jibu. Mwaka 2016 Martin Kleppmann aliandika makala iliyosomwa sana kuonyesha kwamba hata bila mtandao kukatika, programu inaweza kusimama yenyewe katikati ya kazi, kwa mfano ikisafisha kumbukumbu yake, na ikaamka ikidhani bado inashika kufuli lililokwisha kwenda kwa mwingine. Ugonjwa ni ule ule. Sisi huku tunaupata mara kwa mara, ndiyo maana tunaujua vizuri.

Wa nne, na huu una ukweli: ungetumia hifadhidata, si faili. Nakubali nusu. Na nakiri kosa langu pia: sikupaswa kuandika salio, nilipaswa kuandika tukio. Ukiandika "toa 15" badala ya "imebaki 105", maandishi ya kuchelewa hayafuti ya mwenzake. Muuzaji yeyote wa duka la rejareja mwenye daftari la karatasi anajua hivyo. Mimi niliyesoma sayansi ya kompyuta miaka minne sikujua. Lakini kosa langu halifanyi uongo wa maktaba uwe ukweli. Wengine wataitumia maktaba ile ile kwa picha, kwa hati, kwa ramani za mashamba, vitu ambavyo haviwezi kuandikwa kama "toa 15".

Ninachodai

Kulalamika bila kudai ni soga tu. Haya ndiyo ninayotaka kuyaona kwenye maktaba yoyote inayofikia faili za seva ya mbali.

1. Iite kwa jina lake. Kama seva inatoa lisi, neno kwenye msimbo liwe lisi, na muda wake uonekane. Mtu akiona omba_lisi(sekunde 60) atajiuliza mwenyewe: na zikiisha? Swali hilo tu lingeniokoa.

2. Hesabu muda kwa uoga. Mteja aanze kuhesabu tangu alipotuma ombi, si tangu alipopokea jibu, kwa sababu hajui seva ilianza lini. Kwa njia hiyo mteja atajiona amepoteza lisi kabla seva haijampa mwingine, na kukosea upande huo hakuna madhara. Wala usitumie saa ya ukutani. Kompyuta nyingi za madukani betri ndogo ya saa imekufa, stima ikirudi zinaamka zikidhani ni mwaka mwingine. Na kuna mtego mwingine kwenye Linux: ile saa inayopendekezwa kila mahali, CLOCK_MONOTONIC, haihesabu muda ambao kompyuta imelala. Ukifunga kifuniko dakika 40, kwake hazikupita. Inayohesabu usingizi ni CLOCK_BOOTTIME. Maktaba yangu ilitumia ile ya kwanza. Laptopu ilipoamka, hata ingejiuliza ingejiambia zimebaki sekunde 20.

3. Niambie ikipotea, na unitofautishie hali. Chubby ilifanya hivyo miaka mingi iliyopita: muda ukiisha bila jibu, maktaba inaiambia programu kwamba iko hatarini na kuzuia maombi, seva ikipatikana inasema salama, isipopatikana inasema imekwisha. Hali tatu. Programu yangu ingeweza kuweka rangi nyekundu na maneno "subiri, usihifadhi". Badala yake ilionyesha kijani.

4. Seva ikague namba ya zamu. Kila lisi mpya ipewe namba kubwa kuliko iliyotangulia, kama kikaratasi cha foleni hospitalini. Kila maandishi yabebe namba yake. Seva ikiwa imeshapokea ya namba 8, ikaletewa ya namba 7, ikatae. Usimwachie mteja peke yake kazi ya kujichunga, maana aliyelala hajui kama amelala. Hata huduma kubwa zinaelekea huko: Amazon S3 iliongeza uandishi wa masharti mwaka 2024, ambapo unaweza kusema andika hii endapo tu faili bado ni ile niliyoisoma.

5. Lisi ikifa, kila kilichosomwa chini yake kife nayo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nisomeni taratibu. Namba ya zamu peke yake haingetuokoa. Kumbukeni, Bungoma iliomba kufuli upya ikapewa. Ingekuwa na namba mpya kabisa, kubwa kuliko ya Kitale! Seva ingesema karibu. Kosa lilikuwa kwamba maktaba ilichukua maandishi yaliyotokana na kusoma chini ya lisi ya zamani, ikayatuma chini ya lisi mpya. Kwa hiyo mlango wa faili ufungamane na lisi moja tu. Ikipotea, mlango unakataa kuandika. Ukitaka kuendelea, omba lisi nyingine, fungua mlango mwingine, soma upya.

Hili nalo si wazo langu. Mteja wa NFS kwenye Linux akipoteza lisi, kwa kawaida hajaribu kuyarudisha makufuli yake kimyakimya. Programu inapewa kosa la EIO usoni. Kuna kitufe cha kuwasha tabia ya zamani, recover_lost_locks, na kwa kawaida kimezimwa, kwa sababu inaweza kuharibu data. Hawa walishaungua, wakajifunza. Kampuni iliyoandika maktaba yangu ingewasoma kwa jioni moja tu.

6. Usiongeze lisi kwa niaba ya maiti. Maktaba nyingi zina uzi wa nyuma unaoomba nyongeza kila baada ya sekunde chache. Uzi ule unathibitisha kwamba maktaba iko hai, hauthibitishi kwamba kazi inaendelea. Kijana akifungua daftari akaenda kula ugali, uzi unaendelea kuomba nyongeza mpaka arudi, na Kitale inasubiri. Weka kikomo, na nyongeza iombwe na kazi yenyewe.

7. Usitupe kazi ya mtu. Maandishi yakikataliwa, yarudishe kwenye programu, ili mtumiaji aambiwe: haya ndiyo uliyoandika, daftari limebadilika, liangalie tena. Kukataa si lazima kuwe ukatili.

Kwa msimbo, sidai mengi:

lisi = seva.omba_lisi("daftari", sekunde=60)
d = lisi.soma()
d.toa(15)
lisi.andika(d)

Mstari wa mwisho ukikuta lisi imekwisha, unatoa kosa linaloitwa LisiImekwisha, pamoja na d yangu nzima. Mistari ni ile ile minne niliyokuwa nayo mwanzo. Kwa hiyo msiniambie urahisi umepotea.

Tufanye nini leo

Wewe unayetumia maktaba ya namna hii, fanya jaribio hili kabla hujaiweka kwenye duka la mtu. Shika kufuli kwenye kompyuta ya kwanza, soma faili, badilisha kitu, usihifadhi. Chomoa waya wa mtandao, au laza kompyuta. Ya pili ichukue kufuli, iandike, ifungue. Halafu amsha ya kwanza, bonyeza hifadhi. Ukipata kosa, una maktaba ya kweli. Ukipata kijani, una ile yangu. Ni dakika kumi. Mimi sikuzitumia, na mama akalipia.

Niliwaandikia wenye maktaba yale yote niliyoyaona. Jibu lao lilikuwa kwamba tabia hiyo imekusudiwa, ili programu "zivumilie mtandao mbaya". Nimeacha kuitumia. Daftari la mzee sasa linaandika matukio, kila tukio na saa yake na aliyeliandika, na seva inakataa chochote kilichotokana na toleo la zamani. Wiki iliyopita Bungoma ilikatikiwa tena katikati ya mauzo. Kijana alipata maneno mekundu, akanung'unika, akasoma upya, akaandika upya. Alinipigia simu kulalamika kwamba programu yangu imekuwa na maneno mengi.

Nilimwambia pole. Sikubadilisha chochote.

Tutaonana wiki ijayo. Wenye utetezi wa tano, leteni.